Taka za Miji na Vyanzo vya Maji: Mbeya na Iringa

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, mgongano kati ya utupaji wa taka na hifadhi ya mazingira unaanzia kwenye umbo la ardhi. Jiji la Mbeya limelala chini ya Mlima Loleza, na mito midogo kama Nzovwe na Sisimba hupita katikati ya makazi. Manispaa ya Iringa imejengwa mlimani, na bondeni kwake unapita Ruaha Mdogo, ambao maji yake huishia Bwawa la Mtera.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya 540,000 jijini Mbeya na zaidi ya 200,000 Iringa. Dampo hutakiwa kuwa mbali na makazi, lakini ardhi inayobaki pembezoni mara nyingi ni miteremko, mabonde na kingo za misitu, yaani ile ile inayopaswa kulindwa.

Pale gari la taka lisipofika, taka hurundikwa korongoni kiangazi kizima. Mvua za Novemba na Desemba zikianza, husomba nepi, betri na chupa hadi mtoni. Huko Iringa, mabondeni hulimwa vinyungu, bustani zinazotoa mboga wakati wa ukame; mchicha hunyweshwa maji yaliyokwisha kupita kwenye taka. Dampo lisilosakafiwa nalo huvujisha maji machafu ardhini, na taka zinazooza bila hewa hutoa gesi ya methani.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Hata hivyo, halmashauri hushughulikia taka, na bodi za maji za mabonde, ya Ziwa Rukwa yenye makao Mbeya na ya Rufiji yenye makao Iringa, husimamia mito. Pande hizi mbili zisipokutana, korongo hubaki halina mwenyewe.

Sehemu kubwa ya taka hizi huoza: maganda, kabichi zilizoharibika, majani makavu ya migomba yanayofungia ndizi sokoni Mwanjelwa, jijini Mbeya. Zikitenganishwa mapema, huwa mboji ya kurudishwa mashambani. Kuongeza madampo pekee huhamishia mzigo bonde jingine. Kupunguza kinachopelekwa dampo ndiko kunakoulinda mto.