Jinsi ya kutambua klachi mbovu ya kiyoyozi katika gari la kale

MMILIKI wa gari la kale ambalo kiyoyozi chake kimeacha kutoa baridi aghalabu huambiwa na fundi kwamba kompresa imekufa na sharti inunuliwe nyingine. Huenda ikawa kweli. Hata hivyo, kuna nyakati ambapo kompresa ni nzima kabisa na kilichochoka ni klachi yake tu. Asiyejua kutofautisha mambo haya mawili hugharimika bure.

Mfano mzuri ni Mercedes-Benz aina ya W123, iliyoundwa kati ya 1975 na 1986. Takriban magari milioni 2.7 ya aina hiyo yalitengenezwa, na mengi yangali barabarani. Yale yenye kiyoyozi hutumia kompresa inayozungushwa na mkanda wa injini kupitia klachi ya sumaku-umeme.

Klachi hiyo ina sehemu tatu kuu. Ya kwanza ni puli, ambayo huzunguka juu ya beringi wakati wote injini inapofanya kazi. Ya pili ni koili ya waya wa shaba, iliyo nyuma ya puli. Ya tatu ni sahani ya chuma iliyofungwa kwenye mhimili wa kompresa, upande wa mbele. Dereva anapowasha kiyoyozi, umeme hupita katika koili na kuifanya sumaku, nayo huivuta sahani hadi igandamane na puli. Hapo mlio mfupi wa "ta" husikika na kompresa kuanza kuzunguka.

Uchunguzi huanza kwa macho. Injini ikiwa imewashwa na kiyoyozi kimefunguliwa, itazamwe ile sahani ya mbele. Ikiwa puli inazunguka ilhali sahani imetulia, klachi haijashika. Mikono, tai na nguo zenye kuning'inia ziwekwe mbali na mkanda.

Kutoshika huko hakumaanishi moja kwa moja kwamba klachi ni mbovu. Magari mengi yana swichi ya shinikizo ambayo hukata umeme gesi inapopungua, ili kompresa isiharibike kwa kukosa mafuta yanayosafiri na gesi hiyo. Fyuzi iliyoungua, rilei iliyochakaa au waya ulioliwa na kutu pia huweza kuleta dalili iyo hiyo.

Kwa hivyo, hatua inayofuata ni kupima umeme kwenye waya wa koili. Injini inapozunguka, mita yapaswa kuonyesha volti 13 hivi au zaidi kidogo. Ikiwa hakuna umeme, kosa liko kwingine na klachi haina hatia. Ikiwa umeme upo lakini ni hafifu, nyaya na viungio vikaguliwe, ukiwemo waya wa ardhi.

Iwapo umeme unafika barabara na sahani haivutwi, injini izimwe, waya wa koili uchomolewe na ukinzani wake upimwe. Koili nyingi za volti 12 huwa na ukinzani wa kati ya omu 3 na 5. Mita ikionyesha kwamba njia imekatika, koili imeungua. Ikionyesha karibu sufuri, nyaya za ndani zimegusana, na ndiyo sababu fyuzi huungua kila mara.

Kuna hitilafu nyingine inayowahadaa mafundi wengi: kiyoyozi hufanya kazi asubuhi, kisha huacha baridi adhuhuri gari linapopata moto. Mara nyingi chanzo ni nafasi kati ya sahani na puli, ambayo hupanuka kadiri chuma kinavyolika. Katika kompresa nyingi nafasi hiyo yapaswa kuwa kama nusu milimita. Koili ikipata joto, ukinzani wake huongezeka na nguvu ya sumaku hupungua, ikashindwa kuivuta sahani iliyo mbali. Dawa yake huenda ikawa kuondoa kijipete chembamba cha chuma kilicho nyuma ya sahani.

Sauti nayo hutoa ushahidi. Mkwaruzo unaosikika hata kiyoyozi kikiwa kimezimwa huashiria beringi ya puli. Unaosikika kikiwa kimewashwa pekee huelekeza kwenye kompresa yenyewe. Mlio mkali unaoandamana na harufu ya kuungua, pamoja na sahani iliyogeuka rangi ya samawati, ni ishara kwamba klachi inateleza.

Kabla ya kununua klachi mpya, injini izimwe na sahani izungushwe kwa mkono. Ikikataa kabisa kuzunguka, kompresa imekwama, na klachi mpya itaungua kama ile ya kwanza.

Tahadhari hii ina uzito zaidi kwa magari ya miaka hiyo kwa sababu yaliundwa kutumia gesi ya R12, inayoharibu tabaka la ozoni. Utengenezaji wake ulikomeshwa chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987, na mataifa yanayostawi yalipewa hadi 2010. Kung'oa kompresa pasipo sababu ni kuifungua mifereji ya gesi ambayo ni adimu na haifai kuachiliwa hewani. Klachi, kinyume chake, katika kompresa nyingi hubadilishwa bila kuigusa gesi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Klachi inayoteleza ikipuuzwa, joto lake huyeyusha grisi ya beringi na kuharibu mpira unaozuia gesi kuvuja. Hapo ndipo kompresa iliyokuwa nzima hufa kweli.