Hanimuni: neno hili lina maana gani na limetoka wapi?

Siku hizi hata huku Kasulu na Kibondo, harusi ikiisha maharusi huulizwa: "Hanimuni mnakwenda wapi?" Wapo wanaokopa fedha ili wasionekane wamepungukiwa. Kabla ya kukopa, tulifahamu neno lenyewe.

Hanimuni ni neno la Kiingereza lililoungwa kwa maneno mawili: asali na mwezi. Limo katika kitabu cha methali cha John Heywood, kilichochapishwa Uingereza mwaka 1546. Mwaka 1552 Richard Huloet alilieleza katika kamusi yake: waliooana karibuni hupendana mno mwanzoni, kisha mapenzi hupoa.

Asali ni utamu wa siku za mwanzo. Kuhusu mwezi, wataalamu wa kamusi hueleza kuwa ni huu wa angani, ambao ukishajaa huanza kupungua. Kwa hiyo neno lilianza kama utani wenye onyo ndani yake. Maana ya siku thelathini ilikuja baadaye. Safari nayo ni desturi iliyoenea Ulaya katika karne ya 19, kwanza kwa watu wenye uwezo.

Huenda umesikia kwamba zamani maharusi walikunywa pombe ya asali mwezi mzima. Hadithi hiyo inapendeza, hasa kwetu tunaorina asali, lakini Heywood na Huloet hawaitaji pombe hiyo.

Jirani zetu wa Rwanda wamelitafsiri neno hili: ukwezi kwa buki, yaani mwezi wa asali. Kiswahili kina neno lake, fungate. Hizo ni siku saba za mapumziko ya bwana na bibi harusi baada ya kuoana. Fungate ni neno la kale la Kibantu lenye maana ya saba, kabla hatujazoea "saba" ya Kiarabu. Hadi leo Wagiriama wa pwani ya Kenya husema fungahe.

Kwa hiyo, si hanimuni wala fungate inayodai hoteli au nauli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo haina sharti la hanimuni. Ndoa yenu ni halali hata mkibaki nyumbani. Mwenye uwezo na asafiri. Asiye nao apumzike kwake siku zake saba, bila deni la kulipa utamu ukishapungua.