Mzigo wa mkononi: mambo ya kuzingatia kabla ya kuondoka Bashay

Msafiri atokaye Bashay kupanda ndege Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) anashauriwa kupima mzigo wake angali nyumbani. Mashirika mengi huruhusu begi moja la mkononi la kilo 7; tiketi huonesha kikomo halisi. Kipimo kinachopendekezwa na Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga (IATA) ni sentimita 56 kwa 45 kwa 25, magurudumu yakijumuishwa.

Katika safari za nje ya nchi, asali na samli huhesabiwa kuwa vimiminika. Chombo kikizidi mililita 100, kifungwe ndani ya begi kubwa linalokabidhiwa kaunta. Pawabenki, kinyume chake, hubebwa mkononi pekee, ili ikiwaka moto wahudumu waione na kuuzima mapema.