Chunusi na Makunyanzi kwa Uso Mmoja? Hii Ndio Rada

Kama ulidhani chunusi ni mambo ya Form Two, pole. Auntie yangu ana miaka 43. Mwaka jana zilianza kumtoka kwa kidevu, zile kubwa za kuuma, na makunyanzi nayo yashaanza kando ya macho. Muuzaji fulani wa tao akamkorogea krimu kwa kamkebe kasiko na jina. Wiki ya pili alikuwa anang'aa mbaya, hadi sisi wote tukataka yetu. Mwezi wa tatu akaacha kupaka na uso ukalipuka: vipele kila mahali, moto, ngozi nyembamba hadi jua la saa nne asubuhi linamchoma.

Hii kitu inakula watu wengi, so wacha tuipange.

Chunusi hutoka wapi?

Chini ya ngozi una tezi za mafuta. Mafuta yakichanganyika na ngozi iliyokufa, kitundu kinaziba. Bakteria wanaoitwa Cutibacterium acnes wanazaana huko ndani, mwili unapigana nao, na hapo ndio unapata uvimbe na usaha. Si uchafu. Kuosha uso mara sita kwa siku kunakausha ngozi tu.

Mbona ikupate ukiwa mtu mzima?

- Homoni: kabla ya periods, ukiwa na mimba, ama ukikaribia kukoma hedhi. Hizi hupenda kidevu na taya.
- Mafuta ya nywele: ile pomedi ya kulaza nywele za mbele inashuka hadi kwa paji la uso.
- Dawa: steroidi, za kumeza ama za kupaka, zinaweza kuleta vipele.

Shida ni kwamba ngozi ya miaka 43 si ya 17. Kolajeni imepungua, ukavu umeongezeka, na kidonda kinapona pole pole. Ukiipiga na skrabu na spiriti venye ulikuwa unafanya shule, unaichoma bure.

Dawa moja, kazi mbili

Hapa ndio story inakuwa tamu. Tretinoini, dawa ya familia ya vitamini A, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1971 kutibu chunusi. Daktari Albert Kligman wa Philadelphia akaanza kusikia wagonjwa wenye umri wakisema ngozi imekuwa laini na makunyanzi yamepungua. Kwa miaka ya 1990 ikaidhinishwa kwa hiyo kazi pia. Familia yake inaitwa retinoidi, na mpole kwa hao ni adapalini. Zinazibua vitundu, na wakati huo huo zinasukuma ngozi itengeneze kolajeni.

Venye unaitumia

1. Usiku pekee, kiasi cha minji moja kwa uso mzima. Usipake juu ya chunusi pekee.
2. Anza usiku mbili kwa wiki, kisha uongeze ngozi ikizoea. Paka losheni isiyo na marashi juu yake.
3. Ipe wiki 12. Mwanzoni unaweza kukauka, kubanduka, hata chunusi kuongezeka kiasi. Wengi huachia hapo.
4. Uko na mimba ama unapanga kupata? Usiguse retinoidi. Ongea na daktari kwanza.

Kama chunusi zina usaha, ongeza benzoili peroksaidi asubuhi. Chukua ya asilimia 2.5. Ile ya 10 haikushindi kwa kazi, inakushinda kwa kuchoma. Na chunga, inatoa rangi kwa taulo na foronya.

Usisahau jua

Sisi wenye melanini nyingi, chunusi ikienda inaacha alama nyeusi ya miezi mingi. Jua linaizidisha, na jua hilo hilo ndilo linaleta makunyanzi mapema. Sanskrini ya SPF 30 kwenda juu, kila asubuhi, hata kukiwa na mawingu. Na wacha kufinya.

Kuhusu krimu za kukoroga

Nyingi huwa na steroidi kali. Ndio maana uso unang'aa haraka: uvimbe umezimwa, chanzo kiko palepale. Ukizoea, ngozi inakonda, na ukiacha ghafla zinarudi na hasira. Zingine zina hidrokwinoni ama zebaki, vitu ambavyo KEBS imepiga marufuku kwa vipodozi. Zebaki inaharibu figo. Sheria ni simple: hakuna orodha ya viungo kwa mkebe, hakuna kupaka. Kama ushaanza, usiache peke yako, ona daktari akuongoze kushuka.

Ona daktari wa ngozi pia kama chunusi ni za ndani na zinaacha mashimo, ama zimekuja pamoja na periods kuvurugika na ndevu kumea. Hiyo inaweza kuwa homoni, na krimu pekee haitatosha.

Auntie alichukua karibu miezi saba kutulia. Sahii ni sabuni mpole, adapalini usiku, sanskrini asubuhi. Makunyanzi bado yako, machache. Lakini juzi kwa harusi alikubali kupigwa picha bila filta, kitu hajafanya tangu mwaka jana. Kale kamkebe alikatupa kitambo.