Taa za Ishara Katika Gari la Kujiundia: Historia Yake na Tatizo la Neno "Ardhi"

Miaka michache iliyopita niliombwa kupitia tafsiri ya mwongozo wa umeme wa magari uliokusudiwa wanafunzi wa ufundi. Kila mahali ambapo matini ya asili ilitaja njia ya kuurudisha umeme kwenye betri, mfasiri alikuwa ameandika "unganisha waya na ardhi". Sikuona kosa lolote, nami nikaupitisha ukurasa. Baadaye mwalimu mmoja alinieleza, kwa upole nisioustahili, kwamba wanafunzi wake wawili walikuwa wamechimbia kipande cha nondo uani, wakaufunga hapo waya wa taa, kisha wakakaa wakishangaa kwa nini taa haiwaki. Vijana hao hawakuwa wajinga. Waliyatii maandishi, na maandishi yale yalikuwa na idhini yangu.

Ili kosa hilo lieleweke, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Hapo mwanzo dereva alionyesha nia yake ya kugeuka kwa kunyoosha mkono nje ya dirisha. Magari yalipofunikwa, mkono wa mtu ulifuatiwa na mkono wa chuma: kijiti chenye taa ndani yake, kilichoinuliwa na sumaku ya umeme kutoka katika nguzo ya mlango. Kijiti hicho hakikumweka. Kiliinuka tu na kubaki kimeinuka. Morris Minor ya Uingereza iliendelea kukitumia hadi mwaka 1961, ingawa Buick ya Marekani ilikuwa na taa za kumweka tangu magari yake ya mwaka 1939. Rangi nayo ilichelewa kusanifishwa. Kwa sheria za Uingereza, magari yaliyoanza kutumiwa tangu tarehe 1 Septemba 1965 ndiyo yaliyolazimika kuwa na ishara za rangi ya kaharabu. Kabla ya hapo taa ya mbele iliruhusiwa kuwa nyeupe na ya nyuma kuwa nyekundu. Ama ule mtindo wa kuzimwekesha taa zote nne kwa pamoja ili kuwatahadharisha wengine kwamba gari limekwama, huo ni mgeni zaidi. Huko Uingereza uliwekwa kuwa sharti kwa magari yaliyoanza kutumiwa tangu tarehe 1 Aprili 1986.

Sasa tulitazame gari la kujiundia. Mfano mashuhuri ni Lotus Seven ya Colin Chapman, iliyotolewa mwaka 1957. Gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi, lakini vipande vyake vilivyouzwa kwa mtu wa kujiundia mwenyewe havikutozwa. Husimuliwa kwamba kwa kuwa kanuni za kodi hazikuruhusu kutoa maelekezo ya kuunganisha, mnunuzi alipewa maelekezo ya kufungua gari, ayasome kutoka mwisho hadi mwanzo. Sisi tulio katika kazi ya tafsiri tunawajua wasomaji wa namna hiyo. Nafuu hiyo ilikoma pale kodi ya ongezeko la thamani ilipoanza huko tarehe 1 Aprili 1973, na mwaka huohuo haki za kuliunda gari hilo zikapewa Caterham. Hata hivyo desturi ya kujiundia haikufa, na wengi waliofuata waliviunda vyombo vyao kwa taa na swichi zilizotolewa katika magari makuukuu.

Hapo ndipo tabu ilipoanzia. Katika gari la kawaida lenye bodi ya chuma, umeme hutoka betri, hupita katika fyuzi na swichi, huiwasha taa, kisha hurudi betri kwa kupitia bodi yenyewe. Lakini magari mengi ya kujiundia yana pua na mabawa ya plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, na plastiki haipitishi umeme. Taa ikifungwa hapo bila waya wa pili wa kuurudisha umeme, ama haiwaki kabisa, ama umeme huo hutafuta njia kupitia taa nyingine, hata mtu akiwasha ishara ya kushoto, taa ndogo ya pembeni nayo hufifia na kung'aa.

Jambo la pili ni kile kidude kinachoikata na kuirudisha taa, ambacho mafundi hukiita flasha. Cha kale kilifanya kazi kwa joto: umeme ukipita, kipande cha madini hupata moto, hupinda na kuukata mkondo, kikipoa hurudi. Mwendo wake hutegemea kiasi cha umeme unaopita. Taa ya wati 21 katika gari la volti 12 huvuta ampea 1.75; mbili huvuta 3.5, na nne huvuta 7. Kwa hiyo flasha iliyopimiwa taa mbili haiwezi kuzimwekesha nne kwa mwendo unaotakiwa, ambao sheria ya Uingereza huuweka kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Zaidi ya hayo, ishara za kugeuka hupata umeme wake kwa kupitia swichi ya ufunguo, lakini zile za tahadhari lazima ziwake hata ufunguo ukiwa umetolewa. Swichi yake basi ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kuihamisha flasha kwenye umeme wa moja kwa moja kutoka betri, na kuziunganisha pande mbili za gari. Ikizimwa, lazima izitenge tena. Mjenzi anayezifunga waya za kushoto na kulia pamoja kwa daima hupata gari linalomweka pande zote kila anapotaka kugeuka.

Je, tuviiteje vitu hivi? "Indiketa" limekwisha kukaa vinywani mwa watu, nami sioni sababu ya kulifukuza. "Kiashirio" hulichanganya na geji ya mafuta. Lakini "taa za hatari" silikubali, kwa kuwa msomaji aweza kudhani taa zenyewe zina madhara. "Taa za tahadhari" latosha. Kwa flasha napendekeza "kipepesi", kutokana na kupepesa macho, ijapokuwa natambua kwamba gereji huenda zikalicheka.

Na ile "ardhi"? Katika nyaya za nyumba neno hilo lina haki yake, maana huko waya huzikwa kweli. Katika gari linalokwenda kwa magurudumu ya mpira, halina. Mafundi wetu husema "bodi", nami nilipousahihisha mwongozo ule niliandika "waya wa bodi". Wiki iliyofuata mwalimu yuleyule aliniuliza wanafunzi wafanyeje ikiwa bodi ni ya plastiki. Kwa sasa nimeweka "waya wa kurudishia", na ukurasa bado uko mezani.