Ulinzi wa data binafsi katika biashara ya mtandaoni nchini Kenya

Ulinzi wa data binafsi ni utaratibu wa kisheria unaodhibiti jinsi wafanyabiashara wanavyokusanya, kutunza na kutumia taarifa za watu, kama vile jina, namba ya simu, picha au mahali mtu alipo. Nchini Kenya msingi wake ni kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kinacholinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Msimamizi ni Kamishna wa Data.

Muuzaji haruhusiwi kutumia data ya mteja kwa matangazo bila ridhaa yake au idhini ya sheria, na kanuni za 2021 zinamtaka ampe njia rahisi ya kujitoa. Data ikivuja na kuhatarisha wahusika, Kamishna hujulishwa ndani ya saa 72.

Madhara makubwa yalitokana na programu za mikopo ya simu. Baadhi zilichota orodha ya namba katika simu ya mkopaji, kisha zikawapigia jamaa na waajiri wake ili kumwaibisha, jambo lililowaumiza hata watu wasiokopa chochote. Mwaka 2023 Kamishna alitoza faini mkopeshaji mmoja wa aina hiyo, pamoja na mgahawa wa Nairobi uliochapisha picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa. Mgahawa ulitozwa shilingi 1,850,000.

Faini ya juu ni shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Kwa kampuni kubwa, adhabu hiyo ni nyepesi mno.