Jina Katika Daftari la Askari

Ndugu msomaji, baada ya mavuno, malori ya mahindi yakiwa yamejaa hapa Kibaigwa, alinijia kijana niliyemsomesha chuoni. "Shekhe," akasema, "niandikie barua. Naomba faili la askari wa KAR." Nikamwuliza, "Ni nani wako?" Akajibu, "Si wangu. Ni baba yake bibi jirani yetu. Alikwenda Burma hakurudi." Nikamwuliza tena, "Na bibi mwenyewe anajua?" Kijana akanyamaza.

Jambo hili lina historia ndefu, na yafaa tulitazame. Kuandika majina ya askari si uzushi wa wazungu. Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), karibu na mwaka 20 wa Hijra, aliweka diwani, yaani daftari la wapiganaji na posho zao, akawapa kazi hiyo wajuzi wa nasaba. Walipotaka kulitanguliza jina lake alikataa, akaamrisha waanze na jamaa za Mtume (s.a.w.), na yeye awekwe mahali pa ukoo wake. Daftari lile lilikuwa ni haki: aliyeandikwa alijulikana, na watu wake walijua wadai nini.

Sasa tuitazame nchi yetu. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916. Wajerumani kabla yao, na Waingereza baada yao, walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa Ugogo kubeba mizigo ya vita. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliita Mtunya. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kwa jeshi la wapagazi wa Kiingereza, lakini wapagazi wenyewe majina yao yako wapi? Mwaka 1921 haukuwa mbali na vita, na watu wa kuwataja walikuwa hai, hawakuulizwa. Ilipofika mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Katika Vita vya Pili mambo yalikuwa bora kidogo. Askari wa KAR alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw, Burma, katika mvua na tope. Tarehe 12 Februari mwaka huo huo, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na manowari ya Kijapani, wakafa watu karibu 1,300 kwa dakika chache, na wengi walikuwa askari wetu. Mtu wa namna hiyo hana kaburi. Kaburi lake ni daftari.

Ama anayetaka kutafuta, na aanze na orodha ya Tume hiyo, ambayo hutazamwa bure. Katika mnara wa Rangoon, huko Taukkyan, yamechorwa majina karibu 27,000 ya wasiojulikana walikozikwa. Faili ni jambo jingine. Mengi ya askari wa kawaida wa KAR hayakupelekwa Uingereza, na mengine yamepotea. Kwa hiyo isisahauliwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa hapa kwetu. Uombapo, yafaa uwe na jina kamili na namba ya askari. Na hapo ndipo wengi hukwama, kwani karani aliandika alivyosikia, na kijana wa Kigogo huenda alijiandikisha kwa jina lisilojulikana nyumbani.

Lakini kuna mlango kabla ya mlango wa ofisi, nao ni idhini. Ndani ya faili mna maradhi ya mtu, makosa yake na adhabu zake. Hata Waingereza, kwa miaka 25 baada ya askari kufa, humpa mtu baki habari chache tu kama jamaa wa karibu hawakuridhia. Na sisi tuliofundishwa kumsitiri maiti tunastahiki zaidi kuchunga.

Basi tukaenda pamoja kwa bibi. Akatusikiliza, kisha akasema, "Mama yangu hakukaa eda. Kila akisikia hodi usiku alisimama. Amekufa hivyo." Nikamkumbuka tena Sayyidna Umar, aliyehukumu kwamba mke wa aliyepotea angoje miaka 4, kisha akae eda miezi 4 na siku 10, ili naye apate mwisho wa kungoja kwake. Mama yule hakuwa na wa kumwambia hivyo.

Bibi akatupa jina la jeshini, ambalo kijana hakulijua, kwani aliyekuwa nalo ni yeye peke yake. Akatoa sharti moja: "Likija na aibu ya baba yangu, shekhe, niambie mimi, usimwambie mwingine."

Barua imekwenda, na jibu bado. Huenda lisije. Lakini ewe msomaji, kama nyumbani kwenu yuko mzee anayelijua jina kama hilo, muulize leo kwa adabu, uliandike, na baba yake, na mahali alipotoka. Usiwangojee makarani. Wallahu aalam.